Feni Mbili Zilizotazamana

Numbi, mwanangu na mama yangu,

Nimekaa kwenye benchi la kibanda chetu cha fotokopi, jua bado kali barabarani, na mstari huu nimeuanza mara tatu. Wewe na mama yako mmekwenda kuwaaga watu wa parokia. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Lubumbashi, kushona kwa shangazi yako. Nilikuwa nimejipangia jioni ya raha: tule bukari, ugali wetu, nikuchokoze kidogo juu ya wingi wa mabegi yako, basi. Sasa sijui hata nitakutazamaje mezani.

Sikuandikii habari za sweta wala za kuamka mapema kwa watu. Hayo mama yako ameyasema juma zima, na mengine ameyasema mara nne. Nakuandikia kwa sababu leo, kwenye saa tisa mchana, nimegundua kwamba si wewe uliyeunguza kompyuta ya kibanda. Ni mimi. Niliiunguza kwa mikono yangu mwenyewe, nikakusingizia wewe mbele za watu, na kwa miaka mitatu nimelala usingizi mzuri. Kila nikijaribu kusema haiwezekani, mwanangu, macho yananirudisha mezani, na vitu viko vilevile.

Nikueleze nilivyojua. Shangazi yako alisema chumba utakacholala kina paa la bati lililo chini, na mwezi wa kumi watu hukihama mchana kwa joto. Nikakumbuka ile kompyuta iliyokufa, iliyoko chini ya meza na gunia juu yake. Ndani yake mna feni mbili ndogo bado nzima. Zimebanwa kwenye kipozaji, kile chuma chenye mabati membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, kinachokaa juu ya prosesa ili kuiondolea joto. Nikasema nitazitoa, nizifunge kwenye fremu ya mbao pamoja na betri na kipaneli cha jua, uwe na upepo wako hata umeme ukikatika. Ilikuwa iwe zawadi ya kukushtukiza. Angalia sasa nani ameshtuka.

Kabla ya kuzitoa niliziunganisha na betri zikiwa hapohapo, nione kama bado zinazunguka. Zilizunguka zote mbili, laini, bila kukwaruza. Nikafurahi, nikaweka kiganja nyuma ya kipozaji nionje upepo. Hakuna kitu. Nikaweka mbele. Hakuna kitu. Nikadhani betri imechoka, nikaleta nyingine. Feni zikazidi kwenda mbio mpaka mabawa hayaonekani, na upepo hautoki, si mbele si nyuma. Nikachana kipande cha mfuko wa mkate, nikakishika nyuma. Kikavutwa ndani, kikanata kwenye wavu wa feni. Nikakipeleka mbele, nako kikavutwa ndani. Feni zote mbili zilikuwa zinapuliza kuelekea katikati, upepo wa hii unagongana na upepo wa ile, na joto limekaa hapo kati halina pa kutokea.

Nilikaa chini sakafuni, Numbi, miguu mbele, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Mteja mmoja aliingia na kitambulisho chake akitaka kopi mbili. Nikamwambia mashine imeharibika. Ilikuwa inawaka mbele ya macho yake.

Wewe unajua mimi ni nani katika mambo ya feni. Miaka ishirini na miwili kiwandani sikufanya kazi nyingine. Kule kwenye ukumbi wa asidi, ambako mvuke ulikuwa ukichoma koo, feni za ukutani zilikuwa kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu, na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla watu wa zamu hawajaingia, ilikuwa kufunga utepe wa kitambaa kwenye wavu wa kila feni nione unaelekea wapi. Maana fundi wa umeme akitengeneza mota na kugeuza waya mbili tu, feni inazunguka kinyume. Inanguruma vilevile, ukiitazama ni nzima kabisa, na mvuke wote unarudi kwa watu. Huwezi kujua kwa macho wala kwa masikio. Ni utepe tu unaosema.

Nilikufundisha hilo ukiwa na miaka saba, kwenye ile feni ya jikoni, kwa kipande cha kanga ya mama yako. Ulicheka sana kitambaa kilipokurukia usoni. Basi niambie ilikuwaje mtu huyo, mwenye utepe wake, akafunga feni mbili nyumbani kwake na asiweke hata uzi.

Nadhani najua ilikuwaje. Kiwandani tulikuwa na neno letu, "pande mbili." Mota kubwa ikishika joto, mkubwa wa warsha alikuwa anasema hilo neno moja tu, nasi tunakimbia kuleta feni mbili za magurudumu, moja kulia, moja kushoto, zinatazamana na mota katikati. Na mota inapoa, kwa sababu iko wazi, upepo ukigongana unatokea juu na pembeni. Nililifanya jambo hilo mara nyingi hata mikono ikalikariri. Kwa hiyo joto la mwezi wa kumi lilipoanza, nilipoona mashine yetu yenye feni moja inafanya kazi kutwa nzima, nikasema: pande mbili. Nikaenda mjini kutafuta feni ya pili. Muuzaji wa kompyuta alinieleza vizuri tu, kwamba ya mbele inapuliza na ya nyuma inavuta, zote zielekee upande mmoja. Nilimsikia. Nikajiambia huyu kijana anajua bei ya feni, mimi najua feni.

Kuna sababu nyingine pia, ya aibu. Kila feni ina upande mzuri, wa mabawa, na upande mbaya, wenye miguu ya plastiki na kibandiko cha karatasi. Ili ile ya nyuma ivute upepo, ilibidi upande mbaya ukae nje. Nami nilikuwa nimeliacha sanduku la kompyuta wazi ili wateja waone. Nikaugeuzia nje upande mzuri. Nilijisifu juma zima kwamba hapa Likasi, kuanzia njia ya Kamatanda mpaka sokoni, hakuna mashine ya kibandani yenye feni mbili isipokuwa yangu.

Kabla ya feni ya pili mashine ile haikuwahi kuzimika yenyewe. Hili nalo limenijia leo, na limeniuma kwelikweli. Siku nne baada ya kuifunga ikaanza kuzimika mchana. Nikalaumu vumbi la malori. Nikalaumu umeme. Nikapangusa, nikapuliza, nikafunga tena vilevile. Mtu mwenye akili angeitoa ile feni mpya aone. Mimi nilikuwa nimekwisha kujisifu.

Halafu ukaja wewe. Ulikuwa na miaka kumi na sita, ndiyo kwanza umeanza shule ya ufundi, sehemu ya umeme, unasuka nywele za jirani jioni kwa uzi mweusi wa sufu. Leo, nilipotoka sakafuni na kuinama kuitazama tena mashine, niliukuta uzi ule. Ungali umefungwa kwenye wavu wa feni ya nyuma, fundo dogo zuri, na ncha yake imeingia ndani mpaka kwenye mabati, imejaa vumbi jekundu. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nakuapia, Numbi, nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikuwa nimejisahaulisha.

Ulikuja ukasimama hapo mlangoni, nami nina wateja. Ukasema kwa sauti ya chini, ili wasisikie, "Papa, angalia huu uzi. Niliufunga kule nyuma, iko inaingia, haitoke. Zile ventilo mbili ziko zinaangaliana."

Ungekuja na utepe wa kitambaa ningekuelewa haraka zaidi, labda. Au nisingekuelewa vilevile. Mteja mmoja alikusikia, akacheka, akasema mtoto ni fundi kumpita baba yake. Na mimi, kwa sababu ya kicheko hicho tu, nikakuambia, "Minye nilitumika na mafeni mbele weye uzaliwe. Weye njo utanifundisha minye upepo? Rudia kwa mama yako." Ukarudi. Hukuutoa uzi.

Yaliyofuata unayajua, lakini lazima niyaandike kwa mkono wangu, maana mpaka leo nimekuwa nikiyasimulia kwa namna yangu. Yule mwanafunzi wa Kakanda alikuja na taxi-bus, madaftari yake kwenye mfuko wa plastiki, nimchapie kazi yake ya kumaliza chuo. Siku ya mwisho, saa nane, joto limepamba moto, mashine ikazimika na haikuwaka tena. Kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua. Kazi yake ilibaki humo ndani, siku ya kuikabidhi ikapita, na kijana akarudia mwaka. Alipokuja juu, watu wakajaa mlangoni, na mimi nikatafuta pa kuliweka lile jambo haraka. Usiku wa jana yake nilikuwa nimekuona ukitazama filamu kwenye mashine ile. Nikanyoosha kidole.

"Ni huyu mutoto njo aliunguzisha machine na mafilm yake." Ndivyo nilivyosema. Una jina la mama yangu, tangu kuzaliwa nakuita mama, na siku ile nilikuita huyu mutoto.

Uliitazama mashine, kule nyuma, kwenye feni. Kisha ukanitazama mimi. Nilifikiri umenyamaza kwa sababu una kosa. Leo naelewa ulikuwa unanipa nafasi. Ulikuwa unangoja niseme mwenyewe, kwa sababu ulijua nimeambiwa. Na mimi sikuwa namdanganya mtu, hilo ndilo linalonitisha zaidi. Nilikuwa naamini kabisa ninayoyasema.

Kisha nikakupeleka kituo cha mabasi kumwomba kijana yule msamaha. Ulipiga magoti kwenye vumbi, mbele ya madereva na akina mama wa ndizi. Yeye mwenyewe aliona haya, akakuambia, "Simama, mama. Inatosha." Mgeni wa Kakanda, aliyepoteza mwaka wake, ndiye aliyekuhurumia. Baba yako alisimama pembeni ameshika kofia, anaona analea vizuri. Baada ya hapo nikakutoa sehemu ya umeme, nikakupeleka kujifunza kushona, na nikaenda kuwaeleza watu kwamba mtoto huyu hana mkono wa mashine.

Juma lililopita mama yako aliniambia jambo, nikacheka. Alisema shangazi yako amepiga simu kueleza kwamba kule kwake cherehani zote ni za umeme, na wewe ukauliza kwa unyenyekevu kama hamna hata moja ya miguu. Nikasema huyu anapenda mambo ya kizamani, amemfuata bibi yake. Mama yako hakucheka. Akasema, "Hapana kupenda. Anaogopa. Anasema kila kintu ya courant inakufaka mu mikono yake." Nikamwambia utauzoea umeme. Nikaendelea kula.

Leo sentensi hiyo imenirudia nikiwa nimeshika ule uzi. Nilidhani nimekusingizia jambo moja, siku moja, mbele ya watu kumi. Kumbe uliniamini. Ulijua feni zinatazamana, uliona kwa macho yako, ulipima kwa mkono wako, na bado neno langu likashinda uzi wako. Kwa miaka mitatu umekuwa ukikanyaga cherehani ya miguu wenzako wakishona kwa umeme, kwa sababu baba yako alisema mikono yako inaunguza vitu. Nimelia, mwanangu. Sina haja ya kukuficha. Nimefunga mlango wa kibanda mchana kweupe, nikalia.

Kuna kitu sijawahi kukuambia kuhusu kiwandani. Mwanzoni, kabla ya ile miaka ishirini na miwili, sikuwa mtu wa feni, nilikuwa mtu wa kupaka mafuta tu, kijana wa mwisho katika warsha. Asubuhi moja niliuona utepe wa feni mpya umelala upande wa ndani. Nikamwendea mkubwa, nikamwonyesha. Akaniambia, "Weye kazi yako ni mafuta. Upepo achia bakubwa." Watu wakaingia zamuni. Walikohoa mpaka saa sita, wawili wakatolewa nje wameshikwa mkono. Mchana wakazigeuza waya, utepe ukageuka, kazi ikaendelea. Na hakuna aliyerudi kwangu kuniambia nilisema kweli. Si siku ile, si mwaka ule, mpaka mkubwa yule anastaafu na sisi tunamchangia saa ya mkononi. Nimelibeba hilo mpaka leo, na ni neno dogo tu nililokuwa nalitaka. Ningelipata ningelisahau.

Kwa hiyo nalisema sasa, kabla halijanipita tena: Numbi, ulisema kweli. Feni ya nyuma ilikuwa inapuliza ndani. Uliona, mimi sikuona. Mashine imekufa kwa mkono wangu, na mwaka wa yule kijana umepotea kwa mkono wangu, na nitamtafuta huko Kakanda nimwambie hivyo uso kwa uso.

Ushauri sina mwingi leo, nani angenisikiliza. Lakini kule uendako utakuwa siku moja na watu chini yako, nawajua mafundi wa shangazi yako, hawadumu kazini, na wewe mkono wako ni mzuri. Siku hiyo msichana mgeni kuliko wote akikuambia kitu hakiendi sawa, hata kama wateja wanacheka, nenda ukaweke kiganja. Hata kama una hakika. Mimi nilikuwa na hakika.

Habari ya umeme sikusemei. Sijui kama bado unautamani au nimekwisha kuuua huo moyo. Lubumbashi kuna shule za jioni, shangazi yako anazijua. Mara ya kwanza nilikuchagulia kwa hasira, sitaki mara ya pili nikuchagulie kwa aibu. Ukitaka kushona, shona. Ukitaka kingine, nitumie neno, nami nitatafuta la kufanya.

Feni nimezitoa. Kabla ya kuzitoa niligeuza ile ya nyuma, upande mbaya nje kama alivyosema muuzaji, nikawasha. Upepo ulitoka kwa nguvu, ukachukua karatasi zote za mezani na picha za watu za kitambulisho, nikawa nazikimbiza kibandani peke yangu nikicheka na kulia. Zilikuwa feni nzuri sana. Fremu nimeitengeneza, lakini sijazifunga. Nimekuwekea kwenye begi la chini pamoja na betri, kipaneli, waya na bisibisi yangu ya kiwandani. Utazifunga mwenyewe. Upande gani uelekee wapi sikuelezi.

Barua hii nitampa mama yako akupe tukishamaliza kula, ili jambo la kesho lisikukute hujajiandaa. Asubuhi watakuja majirani, watu wa jumuiya, na mjomba wako mkubwa. Unajua kwetu mtoto hawekewi mikono kichwani akiwa anaondoka na neno moyoni, wala mzazi habariki akiwa nalo. Mjomba ataniuliza mimi kwanza. Siku zote mzazi husema la kwake, mtoto akapiga magoti akaomba msamaha. Kesho nitawaomba wakae, niseme yote haya kwa sauti, na yule mteja aliyecheka siku ile nimekwisha kumtumia ujumbe aje asikie. Kisha nitapiga magoti mimi. Usikimbilie kuninyanyua.

Halafu mjomba atakugeukia wewe, atakuuliza kama una neno kwa baba yako. Watoto wote husema hapana, sina. Mimi pia nilimwambia baba yangu hivyo, na nilikuwa nalo, na nikaondoka nalo.

Wewe, mama, usiseme huna.

Papa yako